Jibu: Nianze na hiragana au kanji?
Ndugu, umeuliza kama, katika kujifunza kuandika Kijapani, uanze moja kwa moja na kanji (alama zenye asili ya China, zinazobeba maana) kwa kuwa ndizo zimejaa kwenye magazeti ya Japani. Hapana, anza na hiragana, yaani alama za Kijapani zinazoonyesha sauti. Alama za msingi ni 46 tu, na nyingi ni silabi kamili, kama か (ka) na み (mi), hivyo sisi Waswahili hatupati taabu kuzitamka. Katakana, seti nyingine ya alama za sauti inayotumika kwa maneno na majina ya kigeni, ifuate, jina lako utaliandika kwa hiyo. Hapo kuwa makini na シ (shi) na ツ (tsu), zinafanana mno: katika shi vistari vidogo vimelala na mkono unapanda, katika tsu vimesimama na mkono unashuka. Kanji za matumizi ya kawaida ni 2,136, jifunze kidogo kidogo ndani ya maneno. Na tafadhali, achana mapema na kusoma Kijapani kwa herufi za Kirumi (a, b, c), kunachelewesha sana macho kuzoea.