Barua kwa mwanangu: pikipiki si kaptura ya shule

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku Tanga wazima, wasiwasi wetu ni ninyi mlio mbali. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza mteja alikuwa ananipigia kelele kaunta akidai sili za Boxer, mara ya pili nikasinzia katikati (dakika 11, baba, kama hotuba ya mgeni rasmi), na mara ya tatu ndiyo nikachukua kalamu. Mdogo wako ataipiga picha barua hii akurushie.

Nimeelewa hivi. Mume wangu mdogo, mjukuu wangu, ametimiza miaka 6, ameiona pikipiki ya vumbi (zile ndogo za kuchezea shambani, si za barabarani) kwa mtoto wa mwenzako kazini mwenye shamba, na tangu siku hiyo hamlali. Umepata tatu zilizotumika hapo Ohio: Yamaha PW50 kwa dola 850, Honda CRF50F kwa dola 1,100, na Kawasaki KLX110 kwa dola 1,300. Unaniuliza uchukue ipi, na moyo wako uko kwa Kawasaki, kwa sababu, nakunukuu, "atakulia humohumo".

Neno hilo ni langu. Nililisema nilipokununulia kaptura ya darasa la kwanza, nikaikunja kiunoni na kuishika kwa pini, ukaivaa mpaka darasa la nne. Kaptura ikiwa kubwa unachekwa. Pikipiki ikiwa kubwa inakulalia.

Hebu piga hesabu. Mtoto wa miaka 6 ana kilo 20 na kitu. Kawasaki hiyo ina kilo zaidi ya 60, injini ya cc 110 na ushee, gia tatu au nne, na kiti chake kinapita sentimita 64 kutoka chini. Ni pikipiki nzuri, sina neno nayo, lakini ni ya mtoto wa darasa la nne au la tano aliyekwisha kuzoea. Honda ina kilo 50 na kiti cha sentimita 55 hivi. Yamaha ina kama kilo 40, kiti kama sentimita 48. Sasa msimamishe mume wangu ukutani, avae viatu atakavyopanda navyo, mbane daftari katikati ya miguu mpaka juu kabisa, upime kutoka sakafuni hadi kwenye daftari. Usikadirie kwa macho, baba mtu huwa anamwona mwanawe mrefu. Anayejifunza akae kitini nyayo zote mbili zilale chini, kisigino na kidole. Akianza kuyumba, kitu cha kwanza anachofanya ni kushusha mguu, na mguu usipofika, kinachofuata ni bega.

Kwa urefu ulionitajia, sentimita 114, sitashangaa ukikuta daftari liko kwenye 50 au chini kidogo. Basi jibu langu ni Yamaha. Ndiyo, ataimaliza kwa mwaka mmoja na nusu, pengine miwili. Atakapoimaliza utaiuza, mwingine atainunua kwa bei isiyo mbali sana na yako, na ndipo utakapotafuta Honda. Faida ya kununua kilichotumika iko hapo hasa: hasara ya kwanza ameshaibeba mwenye mali wa kwanza.

Unajua mimi si fundi. Fundi alikuwa baba yako, Mungu amrehemu. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya spea miaka 26, na kaunta ina elimu yake. Fundi anajua kutengeneza. Muuza spea anajua kinachoharibika, maana ndicho wanachokuja kununua. PW50 ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mpaka leo umbo lake ni lilelile. Kwa mtu wa biashara yangu hiyo ni sifa kubwa kuliko rangi na kasi: spea ya mwaka huu inaingia kwenye ya zamani. Haina gia za kubadilisha. Haina cheni, inazungushwa na shafti, kwa hiyo hakuna cheni ya kukatika wala ya kula vidole. Breki zote mbili ziko mkononi kama baiskeli. Honda breki ya nyuma iko mguuni, na gia tatu ziko mguu wa pili, ingawa klachi inajifanyia kazi yenyewe. Hapo nikuulize: baiskeli ya mume wangu inafunga breki kwa mkono au kwa kupiga pedali nyuma? Kama ni kwa kupiga nyuma, mtafutie kwanza ya breki za mkono aizoee, maana mtoto akishtuka hukumbuka alichozoea. Na kama bado anaendesha yenye magurudumu ya pembeni, mazungumzo ya injini tuyaahirishe.

Sasa shida iliyoko kwenye Yamaha hiyo. Umesema muuzaji kakwambia pampu ya oili imezibwa, na petroli inachanganywa na oili kabla ya kutiwa. Injini ile ni ya tu-stroki, kama Vespa ya marehemu mjomba wako. Kiwandani inatoka na tanki lake dogo la oili na pampu inayojichanganyia. Wengi huiziba kwa kuogopa isije ikafa kimyakimya. Si kosa. Lakini tangu siku hiyo uhai wa injini uko mikononi mwa anayejaza mafuta. Kulikuwa na kijana wa Pongwe mwenye Yamaha ya zamani ya tu-stroki. Akamwazima rafiki yake, rafiki akajaza petroli tupu kwa roho safi kabisa, kama anayelipa fadhila. Haikufika Muheza, ikanoki. Nikauza pistoni, ringi na gasketi siku hiyo, na urafiki wao sikuwa na spea yake. Ukiichukua, andika kwa kalamu ya rangi juu ya tanki: PETROLI NA OILI. Kiasi cha kuchanganya kiulize, kisha kihakiki kwenye kitabu cha pikipiki.

Siku ya kwenda kuiona, mpigie muuzaji umwombe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini aliona haja ya kuitayarisha. Pikipiki nzima huwaka ikiwa baridi, kiki mbili tatu. Piga kiki polepole kwa mkono usikie kama injini inakaza. Ikizunguka bila ubishi kama kinu kitupu, ringi zimekwisha. Moshi wa tu-stroki kidogo mwanzoni usikutishe. Ila kwenye Honda, ambayo ni foo-stroki na oili yake haichanganywi na petroli, moshi wa bluu maana yake inakunywa oili, na hiyo ni kazi ya ndani.

Muuzaji atakwambia "inataka kusafishwa kabureta tu." Neno ghali kuliko yote katika vitu vilivyotumika ni hilo "tu". Huko kwenu inaweza kuwa kweli, maana pikipiki inalala baridi nzima bandani na petroli ndani, petroli inaoza, inaziba jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli. Kama ni kabureta tu, mwambie aisafishe yeye, nawe utarudi Jumamosi. Utaona uso wake.

Mwulize pia nani alikuwa anaipanda. Swali hilo ni la Honda zaidi ya Yamaha. Vijana wakubwa na baba zao huzipenda zile Honda ndogo, wanazifungia silinda kubwa, usukani mrefu na shokapu ngumu, wanazirusha kwenye vilima vya mchanga. Ukikuta usukani umepandishwa juu au kabureta isiyolingana na injini, usimpandishe mtoto, hata kama plastiki inang'aa. Plastiki ni kitu cha mwisho kutazama. Inauzwa mpya na inabandikwa nusu saa. Tazama viegemeo vya miguu kama vimepinda, tazama maungio ya fremu shingoni kama yana ufa au yamechomelewa upya, shika tairi ulitikise kushoto na kulia usikie beringi. Na kama mtu anakuuzia "CRF50 ya 2002", cheka kwa adabu uondoke: jina hilo lilianza 2004, kabla yake iliitwa XR50R. Ama hajui anachouza, ama anajua sana. Namba ya chesisi iliyogongwa shingoni ilingane na karatasi, na karatasi ya mauziano iandikwe namba hiyohiyo. Iliyokwanguliwa namba, usiipokee hata bure.

Jambo moja nataka ulijaribu kwa mkono wako mwenyewe, injini ikiwa imezimwa: vuta resi uachie. Lazima irudi yenyewe, kwa kishindo, usukani ukiwa umenyooka na hata ukiwa umekatwa pande zote mbili. Resi inayorudi kwa kujivuta ndiyo inayompeleka mtoto kwenye uzio. Halafu utaona skrubu ndogo kwenye kishikio cha resi. Ile ndiyo breki ya mzazi: ukiikaza, resi haifunguki yote. Ianzishe ikiwa imekazwa mpaka pikipiki itembee mwendo wa mtu anayekimbia, nawe ukimbie naye. Tumbo hilo litapungua.

Nimecheka ulivyonieleza kwamba mwaka 2009 pikipiki za watoto ziliondolewa madukani huko kwa sheria ya madini ya risasi, mpaka Bunge likazisamehe mwaka 2011. Yaani waliogopa mtoto asiilambe. Hawakuogopa asianguke nayo?

Na hapa nakuja kwa mkamwana wangu. Umesema hataki, na umesema kama unanishtakia. Hajakosea. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimesema miaka mingi kwamba vyombo hivi vya nje ya barabara si vya mtoto aliye chini ya miaka 16. Wewe na mimi ni watu wa pikipiki, tumekulia kwenye harufu yake, hatuoni. Vuta suruali utazame shavu la mguu wako wa kulia. Kovu hilo la eksozi ulilipata ukiwa na miaka 9, ulipopanda ya baba yako iliyokuwa imesimama tu kwenye stendi, imezimwa. Mimi ndiye niliyekupaka asali usiku ule, na baba yako alikaa nje barazani hakuingia mpaka ulipolala.

Kwa hiyo usinunue mpaka mama mtoto akubali, na asikubali mpaka avione vifaa mezani: helmeti mpya ya kipimo chake, si ya kuazima wala iliyotumika, maana helmeti iliyokwisha kuanguka haikwambii, miwani, glovu, viatu virefu vigumu vya kufunika shavu la mguu, na kinga ya kifua. Weka fedha hizo pembeni kwanza. Zikila bajeti ya pikipiki, pikipiki ingoje. Angalia na bati la kinga ya eksozi kama lipo na limefungwa nati zote. Wenye pikipiki hulitoa kwa urembo na kulisahau chini ya kitanda. Kupanda ni shambani tu, si barabarani, si kwenye maegesho ya maduka, na mtu mzima awe anatembea pembeni, si anayechoma nyama kwa mbali.

Ukishampima, na ukienda kuiona Yamaha ile, mpandishe injini ikiwa imezimwa, umshike. Nipigie picha ya upande, usinipigie ya uso akicheka, hizo ninazo nyingi. Nataka kuona visigino.

Mama yako,
Tanga