Nilidisko, nikaficha, nikadakwa kwenye uhakiki

Dogo uliyeuliza kama mtu akidisko, yaani akiachishwa chuo kwa kufeli, anaweza kuomba kingine kwa cheti kilekile cha form six bila kutaja kwamba aliwahi kusoma mahali, ngoja nikujibu kwa kirefu maana hili mimi sikuhadithiwa. Kuomba omba tu, wengi wameomba wakapata. Kuficha ndo usijaribu.

Mimi niliingia chuo 2016, uhandisi, hapahapa Dar. Hesabu za mwaka wa kwanza zilinishinda mapema, nikapata sapu nne, yaani mitihani ya marudio, nikazirudia, mbili zikagoma. Matokeo niliyafungua kwenye simu nikiwa ndani ya daladala la Mbagala nimesimama, nikaona neno DISCO kwa herufi kubwa nyekundu, nikapitiliza kituo changu mpaka mwisho wa gari. Nyumbani nikasema nimeahirisha mwaka. Mzee aliuliza mara moja tu halafu akanyamaza, na bora angefoka.

2018 nikaenda steshenari moja pale Mwenge, wale jamaa wanaojazia watu maombi, nikataka ualimu wa sayansi chuo kingine. Tukafika sehemu inayouliza kama umewahi kusajiliwa chuo chochote, jamaa akanigeukia, "bro, tuweke hapana?" Nikamwambia weka hapana. Akili yangu ilikuwa hivi, kuanzia 2017 maombi ya digrii tunapeleka moja kwa moja chuoni, sio kama enzi zile za mfumo wa pamoja wa TCU, ile tume ya vyuo vikuu, sasa chuo hiki kitajuaje mambo ya kule?

Kumbe chuo kikishakuchagua hakimalizi chenyewe, majina yanaenda TCU kuhakikiwa, na huko kinachokutambulisha ni namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, jina wanalo ila namba ndo inaongea. Ile S, namba ya shule, namba yako, mwaka. Uliombea nayo chuo cha kwanza, ukaombea nayo mkopo, na leo unaijaza tena kwa mkono wako mwenyewe. Na mimi nilikuwa na balaa la ziada, sikuwahi kwenda kuaga chuo cha zamani, niliondoka kimyakimya na begi langu, kwa hiyo kwenye orodha yao nilikuwa bado mwanafunzi wao halali kabisa.

Nikachaguliwa, nikashangilia, mama mdogo akachinja kuku. Wiki chache mbele jina likakosekana kwenye walioidhinishwa. Nikaenda ofisi ya udahili, mama mmoja mtu mzima akafungua kompyuta akanitazama juu ya miwani, "Mwanangu, wewe si una chuo?" Nikaanza kubabaika. Akasema ungeandika ndiyo tungekuomba barua tu ya kule ulikotoka, sasa umeandika hapana na chini umethibitisha kwamba maelezo yote ni ya kweli. Hakuongeza neno na mimi sikuwa na neno. Mwaka ukaenda hivyo.

Najua kuna wataalamu watakwambia rudia form four kama mtahiniwa wa kujitegemea upate namba inayoanza na P halafu uombe kama mtu mpya. Dogo, anayerudia mtihani wa NECTA, baraza la mitihani, anajisajili kwa kutaja namba yake ya zamani, sasa umejificha nini hapo? Na ukigusa mkopo kuna cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wale wa vizazi na vifo. Kurudia mtihani ili uongeze alama ni sawa kabisa, na fomu nyingi zina nafasi ya kujaza namba ya awamu ya pili, jaza zote mbili. Ila usirudie ili uzaliwe upya.

Nilichofanya baadaye ndo nakushauri ukianze wiki hii. Nilirudi chuo cha zamani, aibu niliiacha getini, nikaomba barua inayosema nilisoma lini mpaka lini na niliachishwa kwa sababu za kitaaluma, pamoja na transkripti ya huo mwaka mmoja. Wakanipa fomu ya kuzungushia sahihi, maktaba, hosteli, uhasibu, mshauri wa wanafunzi. Uhasibu nikakutwa na deni la ada laki na themanini na kitabu kimoja cha maktaba ambacho mpaka leo naapa nilikirudisha. Nikaendesha bajaji ya mtu miezi miwili Kawe na Mwenge nikalipa vyote, kitabu pia.

Kwenye maombi ya 2019 nikaweka ndiyo, nikaambatanisha barua na maelezo nusu ukurasa: nilisoma wapi, nilifeli nini, kwa nini kozi ninayoomba sasa naiweza (form six biolojia na kemia zilikuwa vizuri, hesabu ndo ilikuwa adui). Sikuandika habari za kulogwa wala mwalimu kunichukia. Mwanzoni nilitaka chuo kipya wanisamehe somo la stadi za mawasiliano nililofaulu kule, wakakataa, nikalisoma upya na wadogo zangu, poa tu. Safari hii jina likapita.

Kama ulikuwa unakula bumu, yaani hela ya mkopo wa Bodi, deni la mwaka ule halifi kwa sababu umedisko. Leo nimeajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ndani yake kuna hela ya uhandisi ambao sijui hata kuchora boriti. Waulize mapema Bodi ya Mikopo wanataka nini kwa aliyeacha chuo kabla hujajaza fomu yao, usije ukategemea bumu la pili kichwani.

Na ukifika kule kwenu usiseme dirishani "naomba barua ya disko", watakuzungusha. Andika barua kwa ofisi ya msajili, weka namba yako ya usajili, peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Nenda kabla ya likizo ndefu, yule mwenye muhuri akisafiri ufunguo wa droo anaondoka nao.