Madume wanne kwa jike mmoja

Ndugu yangu wa Mikindani, umesema tangi lako la lita 40 lina gapi watano, wale samaki wadogo wa mapambo, madume wanne na jike mmoja, na jike anashinda nyuma ya pampu, mkia umechanika. Huenda hata haumwi. Anakimbia wachumba.

Dume wa gapi ukimlisha hana kazi nyingine. Mtazame asubuhi: anajipinda mbele ya jike kama herufi S, mapezi yanatetemeka. Akikataliwa anazunguka nyuma kwa kuvizia, na lile pezi lake la chini lililochongoka kama sindano, ndilo la kupandia. Wakipokezana wanne, jike hali wala hapumziki.

Toa madume watatu leo, halafu tafuta majike wawili wengine. Kila dume awe na majike wawili au watatu, wagawane usumbufu.

Ila hata ukitoa madume wote ataendelea kuzaa, kwa sababu jike huhifadhi mbegu za dume tumboni kwa miezi. Huzaa kila baada ya wiki nne hivi. Ukiona doa jeusi karibu na mkundu limekolea na tumbo limekuwa la pembepembe, siku zimekaribia. Vitoto huliwa, na mama yao mwenyewe yumo. Mimi nilichambua kipande kipya cha kamba ya nailoni ya mashua, nikakiosha kwa maji moto bila sabuni, nikakining'iniza ndani. Vinajificha humo kwenye nyuzi, vidogo kama mbu.