Jibu: darubini ya inchi 8 inatosha kusaka mwanga wa milipuko ya gama?

Mkuu wa Njiro umeuliza kama darubini yako ya inchi 8 na lile dishi la zamani la TV vinaweza kunasa mabaki ya milipuko ya gama, ile mikali sana ya miale ya gama inayotokea mbali, nje ya galaksi yetu. Darubini inaweza, ukiwa mwepesi na ukiwa na bahati. Dishi sahau, nitakuambia kwa nini.

Mi niko Moshi, ila mjini taa nyingi na mawingu ya mlima hayaeleweki, kwa hiyo nikitaka kupiga picha nashuka Boma Ng'ombe kwa shemeji. Tarehe 9 Oktoba 2022 nimeshafunga kamera kwenye darubini nasubiri giza, ikaingia taarifa ya Swift, setilaiti inayosaka milipuko hii, imeona kitu saa 11 na dakika 10 jioni kwa saa zetu, kwenye kundi la nyota la Sagitta, karibu kabisa na Njia ya Maziwa. Waliotoa taarifa walidhani ni kitu cha humu humu kwenye galaksi yetu, si mlipuko wa gama, na mimi nikameza, nikaona aah mwezi wenyewe mpevu, ngoja tule kwanza. Sagitta iko juu pale kaskazini sijaigusa! Kesho yake ndo nasoma kwamba setilaiti nyingine, Fermi, ilikuwa imeuona mlipuko huo huo saa 10 na dakika 17, karibu saa nzima kabla, na baadaye ikaja kujulikana kwamba hakuna uliowahi kupimwa ukawa mkali kuliko huo, mwanga wake umesafiri kama miaka bilioni 2. Usiku wa pili nikapiga picha masaa mawili, nikazipandanisha zote, holaa. Ulishafifia. Mpaka leo shemeji akinikuta anauliza "ule mlipuko wako ulipatikana?"

Tabu ni kwamba mlipuko wenyewe ni wa sekunde au dakika, kinachobaki ni mwanga wa yale yaliyorushwa yakigonga gesi ya jirani, na unapungua haraka, ukiuacha kutoka saa ya kwanza baada ya mlipuko hadi ya kumi unakuta imebaki kama sehemu moja ya kumi. Setilaiti za Vela ziliona milipuko hii tangu 1967, ila mwanga wa kawaida haukupatikana mpaka Februari 1997, baada ya setilaiti ya BeppoSAX kuwaonyesha watu kwa eksirei waelekeze wapi. Na leo angalia taarifa imetoka kwa nani. Fermi peke yake mara nyingi inakupa eneo pana la nyuzi kadhaa, kamera yako haitalimaliza, we kimbilia za Swift. Wala usijidharau, Berto Monard wa Afrika Kusini hakuwa mtaalamu wa kuajiriwa na aliupata mwanga wa mlipuko mmoja mwaka 2003.

Sasa lile dishi: lenyewe ni la mawimbi ya redio, na redio haina papara. Ule wa 2017, nyota mbili za nyutroni (masalia mazito sana ya nyota zilizokufa) zilipogongana, mwanga ulionekana baada ya karibu masaa 11, redio siku 16 baadaye. Shida ni unyonge wake, inataka kitu kama MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini yenye madishi 64, lako litasikia Jua basi.

Siku hizi taarifa ikiingia napiga picha dakika 10 kwanza ndo nasoma wataalamu wanachobishana, halafu nalinganisha na picha ya zamani ya anga lile lile. Na upige tena baada ya nusu saa, maana niliwahi kushangilia mpaka nikamwamsha shemeji, kumbe asteroidi, mwamba tu unaozunguka Jua, inajipitia zake.