Nyanya zinabaki jioni: nishuke mpaka bei gani?

SWALI: Nina genge Mbagala. Nyanya nachukua Ilala, sado (kile kindoo cha kupimia) inaniangukia 6,000, na nikipanga mafungu inanipa 10,000. Kuna siku zinaisha saa 7 mchana, kuna siku nalala na sado tatu zimeanza kulainika. Mume wangu ananikataza kuuza chini ya 6,000. Yuko sahihi?

JIBU: Dada yangu, shemeji anaulinda mtaji, na hilo ni jema. Ila ile 6,000 ilikuwa na kazi alfajiri, ulipokuwa unaamua uchukue au uache. Jioni imeshatoka mfukoni, na kumkatalia mteja hakuirudishi. Jioni jiulize tu: sado hii ikilala, kesho itanipa ngapi? Kama mama lishe huzichukua zilizolainika kwa 2,000, basi anayekupa 3,500 leo mpe.

Lakini usishushe genge zima. Kuanzia saa 9 alasiri chambua: zilizoiva sana zitenge, ongeza fungu kwa bei ileile, ngumu zibaki na bei yake, hizo kesho bado zinauzika. Na usifanye hivyo kila siku saa ileile. Wateja wakishaijua saa yako watakusubiri, na mauzo ya mchana yatakufa.

Penye pesa zaidi ni kwenye kiasi unachochukua. Mteja akikosa sado, umekosa faida ya 4,000. Sado ikibaki ukaiuza 2,000, umepoteza 4,000. Zinalingana, kwa hiyo chukua kiasi ambacho kitaisha siku 5 kati ya 10. Kama mabaki huwa unayatupa, hasara inakuwa 6,000 dhidi ya 4,000. Punguza mpaka ziwe zinaisha siku 6 kati ya 10. Wataalamu huiita hesabu ya muuza magazeti, maana gazeti la jana halina mnunuzi. Kwa hiyo ukiishiwa mapema siku kadhaa, usikimbilie kuongeza mzigo.

Daftarini andika pia saa zilipoisha. Ukiandika “sado 8” tu kwa siku zilizoisha saa 7, utadhani wateja walitaka 8, kumbe wa jioni waliondoka mikono mitupu. Kila anayeulizia ukiwa umeishiwa, mpigie mstari mmoja. Andika na siku za mvua, na tarehe ya kila siku. Baada ya wiki nne, hiyo mistari ndiyo itakayokwambia Ilala uchukue sado ngapi.