Picha ya mishipa ilikuwa safi, hiki kidoa kimetoka wapi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 34. Miezi miwili iliyopita nilianguka bafuni, mwili ukakakamaa, nikazinduka nimejiuma ulimi. Nilidungwa dawa ya rangi, nikapigwa picha ya mishipa ya kichwa, nikaambiwa ni safi. Baadaye MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ikaonyesha kidoa upande wa kushoto wa ubongo, wakakiita kavanoma. Mume wangu anashikilia kuwa mmoja wao kakosea. Tumwamini nani? Na je, kitapasuka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekosea. Picha ya mishipa huifuata dawa inavyosafiri na damu, kwa hiyo huonyesha pale damu inapokimbia. Kavanoma ni kishada cha vijishimo vyenye kuta nyembamba, na damu iliyomo inajikokota tu, mfano wa dimbwi kando ya mto. Dawa inapita mtoni, dimbwi halionekani. MRI yenyewe inaona chuma. Kuta zile huvuja kidogo kidogo, na chembe nyekundu zikifa huacha chuma kilichokizunguka kishada kama pete nyeusi. Omba uonyeshwe pete hiyo, mumeo akiwepo. Chuma hichohicho huuchokoza ubongo ulio jirani, na naamini ndicho kilichokuangusha.

Kupasuka? Neno hilo silipendi. Vishada hivi kwa kawaida huvuja. Karibu mtu mmoja kati ya 200 anacho, na wengi hawatajua maisha yao yote. Kama hakijawahi kuvuja damu nyingi, wala hakiko kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, katika watu 100 wapatao 4 ndio huvuja ndani ya miaka 5. Kikiwa shinani, au kama kilishavuja, hesabu ni nyingine, kwa hiyo muulize daktari wako hayo mawili.

Kwako mimi nahofia kifafa zaidi. Florence Griffith Joyner, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 10.49 mwaka 1988, alifariki usingizini miaka kumi baadaye, akiwa na miaka 38 tu. Uchunguzi ulionyesha alishikwa na kifafa kilichotokana na kavanoma. Simtaji ili nikutishe. Ila barua yako haisemi kama umeandikiwa dawa za kifafa, na hilo limenikosesha raha. Kama unazo, usiruke hata siku moja. Usifunge komeo la bafu, na usukani uache hadi uruhusiwe.

Upasuaji huzungumzwa zaidi dawa zikishindwa au kishada kikivuja, na kama kiko mahali ambapo mkono unafika bila kuharibu. Vinginevyo hurudiwa MRI tu. Uliza pia kama ni kimoja au vingi. Vikiwa vingi, na kuna ndugu wa damu mwenye kifafa, huenda kavanoma hizo ni za kurithi, na hapo kila mtoto wako ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi kasoro inayozileta.

Kichwa kikikupasua ghafla, upande mmoja ukilegea au ulimi ukiwa mzito, usiniandikie mimi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.