Shangazi Akujibu: Kiatu kimerudi, mama hataki posa

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 24, nauza zabibu soko la Majengo hapa Dodoma. Baba alifariki, naishi na mama wa kambo na mabinti zake wawili. Kwenye harusi moja nilivaa viatu vya kuazima. Saa sita usiku nikawahi bodaboda maana mama hufunga geti, kiatu kimoja kikabaki ukumbini. Kaka mmoja mtumishi wa serikali kule Mtumba akakiokota, akakipeleka kwa fundi kushonwa mkanda, akaniulizia soko zima hadi akanipata. Anataka tuoane mwezi ujao. Mama anasema hapokei posa mpaka mabinti zake waolewe.

Marahaba, mwanangu. Hadithi ya Cinderella aliyoandika Mfaransa Perrault mwaka 1697 ilikuwa na kiatu cha kioo, na mwana wa mfalme hakujua lolote zaidi ya saizi ya mguu! Wako walau kaenda kwa fundi. Hapo kanifurahisha.

Lakini kwao ni wapi? Ana mtoto mahali? Umeshaonana na dada zake? Mwezi mmoja hautoshi kuyajua hayo, mwambie asubiri.

Mama asikutishe. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimtaki mwanamke aliyetimiza miaka 18 aombe ridhaa ya mzazi. Ila usitoroke. Mshenga aende kwa baba yako mdogo au mkubwa, posa ipokelewe huko, mama aitwe akae kikaoni kama mzazi. Akigoma kuja, kikao kiendelee.